Watu Wenye Ulemavu: Kutoka Mlangoni pa Kanisa Hadi Altareni



Tangu mwezi Mei 2022 hadi alipofariki dunia tarehe 21 Aprili 2025, walimwengu walizoea kumwona Baba Mtakatifu Francisko akisukumwa katika kiti mwendo. Maumivu ya goti yalikuwa yamemwondolea uwezo wa kutembea kwa uhuru. Ndivyo alivyofika Kinshasa tarehe 31 Januari 2023, na ndivyo alivyofika Juba siku tatu baadaye. Katika Misa nyingi za miaka hiyo aliongoza na kuhubiri akiwa ameketi, huku Kardinali au Askofu akisimama altareni kwa ajili ya Liturujia ya Ekaristi.

Katika kikao kimoja cha Kamati ya Ujenzi ya Parokia yetu, mjumbe mmoja aliuliza swali lililotunyamazisha sote: Papa huyo angelikuja kwetu, angeliingia kwa mlango upi? Kanisa letu lina ngazi tisa mbele, ngazi nne pembeni penye mlango wa sakristia, na nyingine tatu kati ya viti vya waamini na altare. Jibu lililotolewa haraka ni kwamba vijana wa VIWAWA wangembeba. Wangembeba kweli, tena wangegombania nafasi hiyo. Lakini mama mmoja wa parokia hiyo hiyo, ambaye miguu yake haina nguvu tangu utotoni, alikuwa ameacha kuja Misa ya Dominika kwa sababu hiyo hasa. Alichoka kubebwa na vijana mbele ya watu, khanga ikipanda juu, huku wanakwaya wakiendelea kuimba wimbo wa mwanzo.

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Desemba, siku iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1992, tunasikia takwimu na hotuba juu ya watu wenye ulemavu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wako watu bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya kila sita duniani. Hapa nchini, Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilionesha kuwa takriban asilimia 11.2 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Tusikae sana katika tarakimu. Inatosha kila mmoja wetu akumbuke Misa ya Dominika iliyopita na kujiuliza: kama katika kila waamini mia moja yapasa wawepo kumi au zaidi, je, aliwaona wapi? Baadhi yao wamo, ila hatuwatambui: mzee asiyeona tena maandishi ya kitabu cha nyimbo, bibi anayeitikia kwa kuchelewa kwa kuwa hasikii vema. Wengine wameketi nje ya lango, mkono umenyooshwa. Na wengine wamebaki nyumbani, katika chumba cha nyuma, wala hakuna aliyewauliza kama wangependa kuja.

Mwinjili Luka, katika sura ya tatu ya Matendo ya Mitume, anasimulia habari za mtu asiyeweza kutembea tangu kuzaliwa kwake. Kila siku watu walimbeba na kumweka penye mlango wa Hekalu ulioitwa Mzuri, ili awaombe sadaka waliokuwa wanaingia kusali. Tumezoea kuisoma habari hii kama habari ya muujiza, na ndivyo ilivyo. Lakini yapo mambo mawili ambayo huwa tunayapita haraka. La kwanza, mtu huyo alikuwa amepita umri wa miaka arobaini, watu wote walimfahamu, na bila shaka walikuwa wanampa chochote, la sivyo asingeletwa pale kila siku. Luka hasemi popote kwamba walikuwa na roho mbaya. La pili, mara tu aliposimama, aliingia Hekaluni pamoja na Petro na Yohane. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi hatua chache tu kutoka ndani ya nyumba ya Mungu, na ukarimu wa watu ulikuwa umemzoesha kukaa pale pale alipowekwa.

Hapo ndipo tulipo hata sisi. Hatulaumu sadaka, Kanisa lisilotoa sadaka limekwisha kuacha kuwa Kanisa. Tena historia ya Wakristo nchini mwetu katika jambo hili si ya kuonea aibu. Shule ya kwanza ya wasioona ilianzishwa na ndugu zetu Waanglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa na Kanisa Katoliki mjini Tabora mwaka 1963, wakati ambapo watu wengi waliamini kwamba mtoto kiziwi hafundishiki. Watawa na walimu wengi wametumia ujana wao wote katika kazi hiyo bila kusikika popote. Lakini mtazame mtoto aliyejifunza lugha ya alama katika shule iliyojengwa na Kanisa. Anarudi likizo kijijini kwao, anaingia katika kigango alichobatiziwa, na hapati mtu hata mmoja, si katekista, si padre, anayeweza kumwambia kwa mikono yake kwamba Mungu anampenda. Anatazama midomo ya watu ikifunguka na kufumba kwa saa mbili. Akifika umri wa kujiamulia, haji tena, nasi tunaandika katika taarifa ya parokia kwamba vijana wamepoa kiimani.

Na si kwamba Kanisa limekataza. Tangu mwaka 1965, mara baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Roma iliruhusu lugha ya alama itumike katika Liturujia kwa ajili ya viziwi. Kuhusu Sakramenti ya Kitubio, kanuni ya 990 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba hakuna anayezuiliwa kuungama kwa njia ya mkalimani, na kanuni ya 983 inamfunga mkalimani huyo atunze siri. Ni mapadre wangapi kati yetu tumewahi kuwaeleza jambo hilo viziwi wa parokia zetu? Wapo watu wazima waliobatizwa utotoni ambao hawajaungama hata mara moja maishani, si kwa ukaidi, bali kwa sababu hakuna aliyewaonesha njia.

Hapa inatubidi tukiri kosa letu wenyewe. Tulipokuwa paroko msaidizi katika parokia yetu ya kwanza, mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka kumi na mmoja katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mtoto huyo alikuwa na ulemavu wa akili, na maneno aliyoyamudu yalikuwa machache mno. Baada ya miezi kadhaa katekista alitueleza kwamba mtoto hawezi kukariri Kanuni ya Imani wala Amri za Mungu, na kwamba anawachekesha wenzake darasani. Tukamwita mama yake, tukamwambia kwa upole kabisa, “Mama, tusubiri mwakani, akomae kidogo.” Mwaka uliofuata tukamwambia maneno hayo hayo. Mwaka wa tatu hakuja. Baadaye tulisikia kwamba anasali na ndugu zetu wa madhehebu mengine, na kwamba kijana wake anapiga kayamba katika kwaya yao.

Jambo moja tulilikumbuka tukiwa tumechelewa. Mtoto yule, kila alipopita mbele ya Tabernakulo, alikuwa anapiga goti hadi chini, anatulia kimya, kisha anainuka. Watoto waliokuwa wanajibu maswali yote ya katekisimu walikuwa wanapita pale wakikimbizana.

Kanuni ya 913 inadai kweli kwamba watoto wawe na ujuzi wa kutosha na maandalizi ya uangalifu kabla ya kupokea Ekaristi Takatifu. Lakini kanuni hiyo hiyo inaongeza kwamba wanapaswa kulielewa fumbo la Kristo kadiri ya uwezo wao. Maneno haya ya mwisho ndiyo tuliyoyaruka. Baba Mtakatifu Benedikto XVI, katika waraka wake juu ya Ekaristi, Sacramentum Caritatis, uliotolewa mwaka 2007, katika namba 58, anaelekeza kwamba watu wenye ulemavu wa akili waliokwisha kubatizwa na kuimarishwa wapewe Ekaristi kadiri inavyowezekana, kwa kuwa wanaipokea pia katika imani ya familia au ya jumuiya inayowasindikiza. Kumbe, Kipaimara nacho hakipaswi kuwapita. Nao Maaskofu wa Marekani, katika mwongozo wao wa mwaka 1995, walieleza kwamba yatosha mtu aweze kutofautisha Mwili wa Kristo na chakula cha kawaida, hata kama anaonesha hilo kwa ishara au kwa ukimya wa heshima badala ya maneno. Kwa kipimo hicho, mtoto yule alikuwa tayari tangu siku ya kwanza. Sisi ndio tuliokuwa hatujakomaa.

Tunasema haya kwa sababu tunafahamu kwamba hali hiyo haikuwa yetu peke yetu. Tumeyageuza mafundisho ya Sakramenti kuwa mtihani wa darasani, wenye maswali, majibu na orodha ya waliofaulu. Mtihani wa namna hiyo unawaacha nje si watoto wenye ulemavu wa akili tu, bali hata mzee aliyebatizwa ukubwani asiyejua kusoma. Lakini mzee huyo huwa tunamwonea huruma na kumpitisha. Mtoto yule tunamwambia mwakani.

Tugeukie sasa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kwa maana tunadhani ufumbuzi uko huko kuliko mahali pengine popote. Tangu miaka ya 1970, Maaskofu wa Afrika Mashariki walizichagua Jumuiya kuwa njia ya kuliishi Kanisa katika ngazi ya familia. Serikali ikitaka kujua nani anaishi wapi, inaandaa sensa kila baada ya miaka kumi. Kanisa lina familia zinazokutana kila wiki, nyumba kwa nyumba, zamu kwa zamu. Mwenyekiti wa Jumuiya anajua nani anauguliwa, nani ana msiba, nani hajatoa mchango. Inakuwaje basi Jumuiya isali katika nyumba moja kwa miaka kumi bila kufahamu kwamba nyuma ya pazia yuko binti wa miaka kumi na minane asiyeweza kuketi mwenyewe?

Jibu si gumu. Familia inamficha kwa sababu inaona haya, na inaona haya kwa sababu inafahamu yatakayosemwa: kwamba mama alivunja mwiko, kwamba baba alimtoa mtoto ili apate mali, kwamba kuna laana ya ukoo. Tena yanasemwa na Wakristo, wengine wakiwa na rozari shingoni. Wanafunzi wa Yesu nao walimwuliza habari za mtu aliyezaliwa kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana aliwajibu wazi, katika sura ya tisa ya Injili ya Yohane, kwamba si yeye wala wazazi wake. Tunalisoma somo hilo katika Dominika ya nne ya Kwaresima, kisha tunarudi nyumbani na swali lile lile la wanafunzi.

Imani za namna hiyo haziishii katika maneno. Mwezi Juni 2024 nchi yetu iliomboleza mtoto mwenye ualbino, wa umri wa miaka miwili na nusu, aliyenyakuliwa nyumbani kwao mkoani Kagera na kuuawa kikatili. Kati ya watu tisa waliofikishwa mahakamani alikuwamo padre. Kutamka nani ana hatia ni kazi ya mahakama, nasi hatutaingia humo. Lakini hatuwezi kuandika juu ya watu wenye ulemavu katika Kanisa la Tanzania na kuupita msiba huo kana kwamba ulitokea nchi nyingine. Watu wenye ualbino wamewindwa nchini mwetu kwa miaka mingi kwa sababu wapo wanaoamini kwamba wao si watu kamili. Mahubiri ya kulaani ushirikina ni ya lazima, lakini hayatoshi. Mtu mwenye nafasi yake katika kwaya, ambaye jina lake limo katika zamu ya wasomaji, akikosekana jioni moja watu wote wanamwulizia. Kumkaribisha mtu ndani ni njia mojawapo ya kumlinda.

Lugha yetu nayo imebeba mzigo wake. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: majina hayo yamewekwa katika ngeli ya ki-vi, pamoja na kiti na kikombe. Ndiyo maana siku hizi tunafundishwa kusema mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino, na tunafanya vema. Lakini viziwi wenyewe, katika chama chao cha CHAVITA, wamelichagua jina la viziwi na wanalitumia bila kuona aibu. Heri kumwuliza mhusika anapenda kuitwaje kuliko kubishana juu ya kamusi. Hata methali yetu ya hujafa hujaumbika, ambayo ni onyo zuri kwa mwenye kucheka, inamtazama mwenye ulemavu kama mfano wa balaa linaloweza kumfika mwingine. Yeye mwenyewe haulizwi kitu.

Kuuliza ndiko alikoanza nako Bwana wetu. Bartimayo alipoletwa mbele yake, kila mtu aliona wazi kwamba ni kipofu. Hata hivyo Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Tunalikumbusha hili kwa ajili ya vikundi vyetu vya sala vinavyofanya maombi ya uponyaji. Kuwaombea wagonjwa ni agizo la Kitume, wala hatulipingi. Lakini tumeona kijana mwenye magongo akizungukwa na watu wanane, anawekewa mikono bila ridhaa yake, anaamriwa atupe magongo na kutembea; na alipoanguka akaambiwa imani yake ni haba. Kijana huyo alikuwa amekuja kusali kama wengine. Alikuwa na ombi lake, nalo lilihusu ajira.

Tunapozungumzia kuwapokea, mara nyingi tunafikiria tutawafanyia nini, na ni nadra kuuliza wao wanaweza kulifanyia nini Kanisa. Jambo hili lina historia ndefu. Sheria za Kanisa za mwaka 1917 zilimzuia mtu mwenye kasoro kubwa ya mwili kupewa Daraja Takatifu. Mtakatifu Isaac Jogues, mmisionari wa karne ya 17 aliyekatwa vidole kwa mateso, ilibidi apate kibali cha Papa Urbano VIII ili aendelee kuadhimisha Misa. Sheria za mwaka 1983 hazikuendeleza kizuizi hicho cha kasoro za mwili. Kabla ya hapo, mwaka 1970, Cyril Axelrod wa Afrika Kusini, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye baadaye alipoteza hata uwezo wa kuona, alikwisha kupewa Daraja la Upadre, na akawahudumia viziwi katika nchi mbalimbali. Na wimbo wa Salamu Malkia, tunaousali kila tumalizapo Rozari, mapokeo yanamtaja Mwenyeheri Hermann wa Reichenau kuwa mtunzi wake, mmonaki wa karne ya 11 ambaye hakuweza kutembea na alizungumza kwa shida.

Basi, msomaji asiyeona anaweza kutangaza Neno la Mungu kwa nukta nundu, mradi apewe masomo mapema. Kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kupeleka vipaji altareni. Mtu anayetumia kiti mwendo anaweza kuwa katika Halmashauri ya Walei, na hasa katika Kamati ya Ujenzi. Mwaka 2022, Baraza la Kipapa la Walei, Familia na Maisha liliwasikiliza watu wenye ulemavu kutoka mabara yote kwa ajili ya safari ya Sinodi, nao walidai jambo hilo hilo: Kanisa ni nyumba yao, na mwenye nyumba hakai sebuleni kama mgeni.

Itasemwa kwamba fedha hakuna. Tumekaa katika kamati za ujenzi kiasi cha kutosha kufahamu kwamba fedha za mnara zinapatikana, za vigae vya altare zinapatikana, na za geti jipya zinapatikana kwa harambee moja. Njia ya mteremko mbele ya mlango wa pembeni ni mifuko ya saruji, mchanga, kokoto na siku chache za fundi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike, na kanisa linatumiwa na umma kuliko ofisi nyingi. Mkalimani wa lugha ya alama ni suala gumu zaidi, kwa sababu wakalimani ni wachache na wanaishi mijini. Lakini Dekania moja inaweza kuwalipia makatekista wawili mafunzo, na kuteua parokia moja ambamo Misa ya mwisho ya mwezi itakuwa na mkalimani. Hayo tumeyapendekeza, majibu hatujayapata.

Katika parokia yetu njia ya mteremko imekwisha kujengwa, upande wa sakristia. Fundi aliijenga kwa mwinuko mkali mno mara ya kwanza, mama yule akaijaribu na kutuambia kwamba akishuka peke yake atafika barabarani. Tukaibomoa nusu, tukairefusha. Ngazi tatu za altare bado zipo, hivyo kwa sasa mimbari ya Neno imeshushwa chini wakati zamu yake ya kusoma inapofika, na wazee wawili wamelalamika kwamba tunaharibu utaratibu.

Tumegawa pia fomu katika Jumuiya zote ili zituandikie majina ya ndugu wenye ulemavu wanaoishi kati yao, kwa ridhaa yao, pamoja na Sakramenti walizopokea na wanazozitamani. Jumuiya mbili zilirudisha fomu zikiwa tupu. Katekista alirudi huko, akakaa, akanywa chai, akazungumza na wakina mama mmoja mmoja. Katika Jumuiya ya kwanza akaandikiwa majina matatu, na katika ya pili majina mawili. Mmoja kati yao ni mwanamume wa miaka thelathini na minne ambaye hajabatizwa. Fomu za Jumuiya nyingine nne bado hazijarudi.